Msimtume Mama kwa Aliyempiga

Hoja ninayoipinga ina nguvu, kwa hiyo nitaieleza kwanza jinsi wenyewe wanavyoieleza. Matunzo, wanasema, ni haki ya mtoto, si mali ya mama. Mama anayenyamaza, asimdai baba wa watoto wake ada, chakula na matibabu, anatoa kitu kisicho chake. Kama alipigwa, aende polisi kwa kosa la kupigwa, maana hilo ni shauri jingine. Mtoto asilale njaa kwa sababu wazazi wake hawapatani. Pita Mengo yote, hapa Kampala, kwa mawakili wenye ofisi jirani na mahakama ya hakimu mkuu, kwa wazee wa koo wanaoshuka kutoka Bulange, makao ya serikali ya Buganda, kwa waumini wa Namirembe na wa misikiti ya Kisenyi, utaisikia hoja hii kwa lugha mbalimbali na kwa uhakika ule ule. Wengi wanaoisema ni watu wema. Wako waliotumia miaka mingi kuwabana wanaume wanaotelekeza watoto wao, na kazi hiyo naiheshimu.

Hata hivyo wamekosea. Mwanamke aliyetoka kwa mwanaume anayempiga asilazimishwe na ofisi, na ukoo, wala na aibu, kumfuata mtu huyo kwa ajili ya fedha. Akitaka kudai, asaidiwe adai bila kuonana naye. Asipotaka, aulizwe sababu mara moja, jibu lake liandikwe, na asihesabiwe kuwa mama mzembe. Deni la baba ni kitu kimoja. Mkono unaokwenda kulidai ni kitu kingine. Wanaopinga msamaha huu wa kutolazimishwa kudai wameviunganisha viwili hivyo, na katika muungano huo ndipo wanawake wanapoumia.

Tazama jinsi madai yenyewe yanavyokwenda Kampala. Mama anaanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, au kwa ofisa wa ustawi wa jamii ambaye wengi humwita probesheni, au kwenye kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia. Karibu kila mlango una desturi moja: baba aitwe, wakae, wazungumze. Ofisa anataka maelewano, kwa sababu maelewano ni ya haraka, hayana gharama, na faili hufungwa. Kwa wazazi walioachana kwa sababu nyingine, huenda njia hiyo ikafaa. Kwa aliyekimbia kipigo, maana yake ni kukaa tena kiti cha pili kutoka kwa mtu aliyemvunja mkono, huku mtu wa tatu akimwomba apunguze hasira. Husemwa kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, yaani mama huyu anaogopa kupita kiasi. Lakini hapo mezani hakuna ung'ongo. Aliyeitwa ni nyoka yule yule.

Maelewano yakishindikana, shauri linakwenda mahakama ya familia na watoto, na hapo karatasi zinaanza kusema yale ambayo mama aliyaficha. Barua ya LC1 inataja mtaa anakoishi sasa. Hati ya kiapo inataja kazi anayofanya. Akidai ada, ataambatanisha risiti, na juu ya risiti limeandikwa jina la shule. Akidai matibabu, risiti itataja zahanati. Nakala ya yote hayo hupelekwa kwa mdaiwa, kwa sababu haki ya kusikilizwa inataka ajue anadaiwa nini. Mwanaume aliyezunguka Ndeeba na Nateete akimtafuta mkewe bila kumpata sasa ana mtaa, ana kazi, ana lango la shule na anajua saa watoto wanapotoka. Hakuna aliyekusudia kumpa ramani hiyo. Amepewa na utaratibu, kwa nia njema kabisa.

Tuseme hukumu imetoka na baba ameamriwa kulipa. Matunzo hayalipwi siku moja yakaisha. Ni jambo la kila mwezi hadi mtoto afikishe miaka 18. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hiyo ni miezi 204. Ili fedha ipite kwenye simu, lazima mama awe na namba ambayo baba anaijua, na namba ikishajulikana, meseji na simu za usiku wa manane nazo zinapita. Mwezi huu analipa nusu. Mwezi ujao anasema njoo uchukue mwenyewe. Mwezi unaofuata anataka kuona fedha ya mwezi uliopita ilinunua nini, na kwa nini mtoto ana viatu vile vile. Mfanyakazi wa serikali ana mshahara unaoweza kufikiwa na amri ya mahakama. Mwendesha boda, fundi wa gereji ya Katwe au mchuuzi wa soko la Owino hana mwajiri wa kuagizwa, kwa hiyo atakayekuwa akimkumbusha ni mama, kila mwezi, kwa sauti yake mwenyewe. Mwanamke aliyeishi chini ya mwanaume aliyehesabu kila shilingi anajua huo ni utawala gani. Aliukimbia, na sasa anaambiwa aurudie kwa jina la mtoto.

Watu hudhani hatari huisha mwanamke anapofunga mlango nyuma yake. Ushahidi unasema kinyume. Uchunguzi wa Jacquelyn Campbell na wenzake katika miji 11 ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha wanawake waliouawa na wenzi wao na wale waliopigwa wakabaki hai. Mwanamke aliyeachana na mwenzi mwenye kumtawala kwa kila jambo alikuwa na hatari ya kuuawa iliyopanda karibu mara tisa. Kwetu hatuhitaji kwenda mbali kuamini. Septemba 1, 2024, Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka kukimbia maratoni ya Olimpiki ya Paris wiki chache tu kabla, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, na mwanaume aliyewahi kuwa mwenzi wake. Watoto wake walikuwapo. Alifariki Eldoret Septemba 5. Ugomvi wao haukuwa wa matunzo, ulikuwa wa kiwanja na nyumba, na baba yake alieleza kwamba polisi walikwisha kuarifiwa. Namtaja kwa sababu moja: uhusiano ulikwisha, lakini jambo la mali lilibaki wazi kati yao. Utaratibu unaomlazimisha mama kudai matunzo unaacha jambo la mali wazi kati yake na mpigaji kwa miaka 17, kwa makusudi.

Na hawa si wachache waliojificha pembeni ya jamii. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 uliwakuta asilimia 51 ya wanawake wa Uganda wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 22 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Mwaka 2021 polisi waliandikisha kesi zaidi ya 17,000 za ukatili wa nyumbani, na kila anayeijua mitaa yetu anajua kesi zinazofika polisi ni sehemu ndogo tu.

Sasa sheria, kwa sababu wapinzani wangu huishika kama ngao. Wanasoma kifungu cha Sheria ya Watoto kinachomwajibisha mzazi kumpa mtoto chakula, elimu, mavazi, makazi na matibabu, kisha wanafunga kitabu. Wangeendelea mistari michache tu. Kifungu hicho hicho kinamtaka mzazi na mlezi amlinde mtoto dhidi ya ukatili, unyanyasaji na kutelekezwa. Mama aliyemhamisha mtoto usiku kutoka nyumba ya kipigo na akakataa kuacha alama ya kufuatwa anatekeleza nusu ya kifungu ambayo wao hawaisomi. Ametimiza wajibu wake wa kisheria kwa gharama yake mwenyewe, kisha anahukumiwa kwa kutotimiza wa mwenzake.

Tena sheria hiyo haikumfunga mama peke yake kwenye kazi ya kudai. Mtoto ambaye ubaba wake umekwisha kutamkwa na mahakama anaweza kuomba amri ya matunzo yeye mwenyewe, kupitia mtu mzima anayemwakilisha. Na maombi yanaweza kuletwa wakati wowote kabla mtoto hajafikisha miaka 18. Basi ile kauli kwamba mama anayenyamaza leo ameifuta haki ya mtoto haina msingi. Haki ipo pale pale ilipokuwa. Tuseme mwaka huu mama yuko Nansana kwa rafiki, hana kazi, na mume anamtafuta. Baada ya miaka minne yuko mahali pengine, ana wakili, na mtu yule amehukumiwa au amehama. Ni yeye anayejua ni mwaka gani mlango huo unafunguka bila damu. Ofisa anayemwambia lazima iwe sasa anamsukuma kwenye miezi ile ile ambayo ni ya hatari kuliko yote.

Kuna jingine ambalo Mengo inapaswa kulikumbuka. Agosti 6, 2015, Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri lililoletwa na shirika la MIFUMI, iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Moja ya mambo yaliyobishaniwa lilikuwa hili: wazazi maskini waliokwisha kula ng'ombe na mbuzi wa mahari hawana cha kurudisha, kwa hiyo humwambia binti yao avumilie, arudi kwa mumewe, hata kama anapigwa. Mahakama haikufuta mahari. Iliona kwamba deni la fedha linaweza kumshika mwanamke ndani ya nyumba inayomuua, na ikalikata deni hilo. Matunzo ni deni linalokwenda upande mwingine, maana mdaiwa ni mwanaume, lakini linapodaiwa kwa mkono wa mama hufanya kazi ile ile: linamrudisha. Taifa lililokwisha kukubali ukweli huo mwaka 2015 kuhusu ng'ombe halina sababu ya kuukataa kuhusu ada ya shule.

Watanijibu kwamba kumsamehe ni kumzawadia mhalifu: ampige mke, mke akimbie, naye abaki na mshahara wake wote akioa mwingine. Hasira hiyo ni ya haki na mimi ninayo. Lakini itazame inamwangukia nani. Mwanaume hajalipa, na anayesukumwa, anayekaripiwa, anayeambiwa hana uchungu na wanawe, ni mwanamke. Kama tunataka mpigaji alipe, na tutake kweli, basi mtu mwingine ndiye amfuate. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 inautambua hata unyanyasaji wa kiuchumi, na inatoa faini hadi shilingi 960,000 au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Amri ya ulinzi ya hakimu inaweza kubeba ndani yake amri ya matunzo, ili zuio la kumsogelea mama na agizo la kulipa vitoke siku moja, mkononi mwa mahakama moja. Fedha ilipwe mahakamani, mama aichukue kwa wakati wake. Hizo ndizo njia za kumbana mhalifu. Ni ngumu zaidi kuliko kumkemea mama, na kwa hiyo zinatumika kidogo. Sheria hiyo yenyewe ilijeruhiwa tangu kuzaliwa, kwa kuwa iliziruhusu mahakama za LC kuamuru upatanisho, na mwenyekiti wa mtaa aliyekunywa na mume juzi ndiye huyo anayepatanisha.

Hoja ya pili wanayopenda ni kwamba wanawake watadanganya. Kila mmoja atasema alipigwa ili asimwone baba wa mtoto. Fikirieni wanachosema. Anayeomba msamaha huu anaomba kutopewa fedha. Anajinyima ada, kodi ya chumba na unga. Ni uongo gani huo ambao mwongo ndiye anayepata hasara? Nchi zilizojaribu jambo hili zinatoa jibu. Marekani ilipoanza katika miaka ya 1970 kuwataka akina mama wanaopokea msaada wa serikali washiriki kumdai baba, iliweka msamaha kwa walio hatarini, na walioomba msamaha huo wamekuwa wachache sana miaka yote. Tatizo limekuwa wanawake wasiojua kwamba upo, au wanaoogopa kuueleza mbele ya karani. Uingereza iliwalazimisha akina mama wa namna hiyo chini ya sheria ya mwaka 1991, ikampunguzia msaada aliyekataa bila sababu iliyokubaliwa, na mwaka 2008 ikaacha kulazimisha. New Zealand iliondoa adhabu yake Aprili 1, 2020. Australia bado inamtaka mama achukue hatua ya kudai ili apate posho kamili ya watoto, lakini aliyefanyiwa ukatili anaweza kuomba asamehewe, na mwanamke wa Kampala anayeishi Melbourne leo ana haki hiyo. Dada yake aliyebaki Mengo hana karatasi ya aina hiyo ya kujaza. Hapa serikali haimpi posho ambayo ingemnyang'anya. Yeye anashurutishwa kwa njia nyingine: na anayegawa nafasi ya ufadhili wa shule anayeuliza kwanza kama baba ametafutwa, na mchungaji, na jirani, na kaka zake waliochoka kumlisha.

Ninajua wapo watakaosema haya yote ni ya Kizungu, na kwamba kwa Waganda mtoto ni wa ukoo wa baba, hivyo mama anayekata mawasiliano anamkatia mtoto jina, mizimu na ardhi ya mababu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili linawagusa watu kwa kweli na mimi silidharau. Katika Buganda mtoto asiye na ukoo ana jeraha. Lakini ukoo haujawahi kuwa mtu mmoja. Kuna ssenga, yaani shangazi, kuna jjajja, yaani babu na bibi, kuna baba wadogo na wakuu wa mlango na wa ukoo, na kila mmoja wao anaweza kumtambua mtoto, kumpa jina na kumpokea kwenye shughuli za ukoo bila baba mwenye ngumi kuwapo. Ukoo unaodai mtoto ni wake udai pia deni ni lake. Uwatume baba wadogo na shangazi kukusanya ada, wailete kwa mtu anayeaminika, wasimwulize mama analala wapi. Zamani mke aliyeteswa alirudi kwao, na mume ndiye aliyefunga safari kwenda kwa wakwe na zawadi ya kuomba radhi. Simwambii mtu kwamba utaratibu ule ulikuwa mwema. Mara nyingi ulimalizika kwa kumrudisha mke palepale, na watoto walibaki kwa baba. Ila hata ule haukumtuma mwanamke aliyepigwa kubisha hodi kwa mpigaji. Hili la kumtuma tumelianzisha sisi.

Na wanaosema mitaa yetu haibadiliki waangalie mitaa yenyewe. Kati ya mwaka 2007 na 2012, katika tarafa za Rubaga na Makindye, Mengo ikiwa ndani ya Rubaga, ulifanyika utafiti wa mpango wa SASA!, ulioendeshwa na kituo cha CEDOVIP kwa mbinu ya Raising Voices. Watu wa kawaida, wenye maduka, majirani, wazee wa mtaa na askari, walizungumza mwaka hadi mwaka kuhusu nguvu ndani ya nyumba na jinsi zinavyotumika. Mwishoni, kipigo cha wenzi katika mwaka uliotangulia kilikuwa pungufu kwa asilimia 52 katika mitaa ya mpango huo, kikilinganishwa na mitaa ambako haukufika. Majirani walipoacha kumwambia mwanamke avumilie, mikono ya wanaume ilipungua. Basi kinachosemwa na majirani kina uzito. Mtaa unaomwambia aliyetoroka, "Mfuate baba wa watoto wako," unasema avumilie kwa maneno mengine.

Inabaki njaa, na sitaipita haraka. Mama asiyedai atakosa fedha, na fedha hiyo ni chakula cha mtoto. Elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 1997, lakini mama yeyote wa Kampala atakutajia sare, madaftari, chakula cha mchana na michango isiyokwisha. Wapinzani wangu wakiuliza nani atamlisha mtoto, wanauliza swali sahihi, ila wanampelekea mtu asiye na jibu. Lipelekwe kwa wenye uwezo. Wanaogawa ufadhili waache kumtaka mama ushahidi kwamba alimtafuta baba. Barua ya hospitali, faili la polisi au amri ya ulinzi itoshe, na pasipo hivyo litoshe neno lake mbele ya ofisa aliyefundishwa kusikiliza. Kazi ya kumtafuta baba ichukuliwe na ofisa wa ustawi wa jamii kwa jina la mtoto, anwani ya mama na jina la shule vikifichwa kwenye nakala ya mdaiwa, na hakimu peke yake aone risiti. Na pale mama atakaposema kwamba hata hilo litamletea mtu yule mlangoni, lisimame, faili libaki wazi hadi miaka 18 ya mtoto, na mtoto aendelee kupewa sare.

Mageuzi haya hayahitaji kusubiri bunge. Ofisa wa probesheni anayefungua daftari kesho asubuhi anaweza kuanza na swali ambalo sasa huja mwisho au haliji kabisa: huyu mwanaume amewahi kukupiga? Akijibu ndiyo, ofisa asiandike samansi kabla ya kuuliza la pili: unataka tumwite?